Betri ni ya Nani?

Wenzangu wengi wakiandika juu ya pikipiki ya umeme huandika juu ya moshi. Petroli inatoa moshi, umeme hautoi, basi pikipiki ya umeme ni njema, na insha imekwisha. Sina ugomvi na maneno hayo. Nimevuta moshi wa kutosha nyuma ya malori yanayobeba saruji kutoka Bugarama, wala sitamani mdogo wangu aje auvute. Ugomvi wangu ni kwamba moshi umekalia kiti cha swali jingine, swali ambalo motari yeyote wa Kamembe atakutupia kabla hujamaliza kumsifia hewa safi: betri ni ya nani?

Niseme mapema ninachokitetea, ili asiwepo wa kunihesabu miongoni mwa watetezi wa petroli. Pikipiki ya umeme ije. Ije Kamembe, isiishie Kigali. Lakini ije kama mali ambayo anayeiendesha anaweza kuimiliki yote, kuanzia magurudumu hadi betri. Ikija kwa namna ilivyoanza, yaani chombo unakilipia mpaka kinakuwa chako huku betri ikibaki ya kampuni siku zote, tutakuwa tumemtoa motari kwa tajiri mmoja tukamkabidhi kwa mwingine, kisha tukampigia makofi kwa kutunza mazingira.

Tukumbushane yaliyokwisha kutendeka. Agosti 2019 Rais Kagame alitangaza kwamba pikipiki za petroli zitaondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na za umeme. Mwaka huohuo kampuni ya Ampersand ilianza biashara yake Kigali: dereva anapata pikipiki, mara nyingi kwa malipo ya kidogo kidogo, na betri ikiisha anapita kituoni, anaiacha, anapewa nyingine iliyojaa, analipa, anaondoka. Aprili 2021 Baraza la Mawaziri likapitisha mkakati wa usafiri wa umeme. Vyombo vya umeme, betri na vipuri vyake vikasamehewa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha. Vituo vya kuchajia vikaruhusiwa kununua umeme kwa bei ya viwanda vikubwa, na vikijengwa kwenye ardhi ya serikali visilipe pango. Halafu, kuanzia Januari 2025, Kigali haisajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Za zamani zinaendelea na kazi. Mpya lazima iwe ya umeme.

Kigali. Tazameni jinsi jina hilo linavyojirudia. Serikali yenyewe imeitaja miji sita ya kukuzwa ili kuipunguzia Kigali mzigo: Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare, Rubavu na sisi Rusizi. Ikifika zamu ya pikipiki, amri inataja mji mmoja tu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na Kamembe haikuwapo.

Kuna watakaoniambia nishukuru. Si ndiyo nafuu, watasema, kwamba Kamembe hailazimishwi? Wasafiri hujaribu kwanza kina cha mto kwa fimbo. Acha Kigali iwe fimbo. Ningekubali hoja hiyo kama pikipiki ya petroli isiyopata usajili Kigali ingeyeyuka hewani. Haiyeyuki. Muuzaji aliyezoea kuuza pikipiki mpya za petroli Kigali atatafuta soko pale ambapo bado anaruhusiwa kuuza, na mwenye pikipiki iliyochoka mjini atamtafuta mnunuzi wa mikoani. Tunalijua jambo hili kutokana na mabasi, friji na nguo: kitu hakifi mjini, huhamia kwetu. Miaka kumi ijayo Kigali itapumua vizuri na Kamembe itakuwa makumbusho ya injini. Kwa hiyo kusubiri si kukaa pembeni. Anayesubiri naye anapokea kitu, isipokuwa hakichagui.

Lakini narudi kwenye betri, maana hapo ndipo penye jipu.

Katika miji yetu kuna neno ambalo kila motari analijua: verisema. Ni fedha ambayo dereva asiye na chombo chake humpelekea mwenye pikipiki kila jioni, amepata abiria au hakupata, mvua imenyesha au jua limewaka. Dar es Salaam huiita hesabu. Ndoto ya kijana anayeanza kazi ya pikipiki, ukimuuliza kweli, si kuendesha. Ni kuacha kupeleka verisema. Anajinyima, anaingia kwenye kibati na wenzake, anakopa kwenye ushirika, na siku akiipata TVS yake mwenyewe hata namna anavyoegesha stendi hubadilika.

Sasa mpe kijana huyo pikipiki ambayo betri si yake. Amemaliza kulipa deni la chombo. Karatasi ina jina lake. Asubuhi anaamka, je, anaweza kwenda kazini bila kupita kwa mwenye betri? Hawezi. Anaweza kuchagua mwenye betri mwingine, aliye jirani zaidi au aliyepunguza bei? Kama betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile, hawezi. Bei ya kubadilisha ikipanda, atajadiliana na nani? Verisema ya zamani ilikuwa na mwisho, hata kama mwisho huo ulikuwa mbali. Hii mpya haina. Na tajiri wa zamani ulimjua nyumbani kwake; ungeweza kumpelekea mgonjwa wako kama sababu, naye pengine akakusamehe siku mbili. Mashine ya kubadilisha betri haina mke wa kukuombea.

Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, basi tutumie tulichonacho. Lugha yetu haichanganyi mambo haya. Kuazima ni kuchukua kitu na kurudisha kilekile. Kukopa ni kuchukua kitu na kurudisha kingine kinacholingana nacho. Kukodi ni kulipia matumizi ya kitu kwa muda. Kupanga tumekuachia nyumba. Kununua ni kutoa thamani na kitu kikawa chako, ukiuze, ukirithishe, ukikivunja ni shauri lako. Haya, nielezeni: mtu anayeingia kituoni na betri tupu akatoka na nyingine iliyojaa amefanya tendo gani? Hakununua, maana hawezi kuiuza. Hakuazima, maana harudishi ileile. Kwa ukaribu zaidi tendo lake linafanana na kukopa, ila mkopaji ana siku ya kumaliza deni, na huyu hana. Matangazo yameamua kumwita mnunuzi kwa sababu neno hilo ni tamu. “Miliki pikipiki yako.” Pikipiki ipi? Wazee wetu walikwisha kusema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na hao walizungumzia nguo nzima. Sisi tunaambiwa tununue shati, vifungo ni vya fundi.

Mmoja wa walimu wetu, ambaye namheshimu sana na ambaye najua atausoma ukurasa huu, alituambia darasani kwamba wasiwasi huu ni wa kizamani. Dunia inahama kutoka kumiliki kwenda kutumia. Maskini hahitaji mali, anahitaji huduma iliyo nafuu. Mwalimu, naomba nikujibu kwa adabu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo na bado sijamsikia asiyekuwa na nyumba akisema hivyo.

Na si suala la fahari tu. Kwa motari, pikipiki ndiyo benki. Mjomba wangu aliuza TVS yake ili mimi niingie mwaka wa kwanza. Aliyeinunua alikuja na fundi. Fundi akaiwasha, akasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, akateremka nayo hadi Rusizi ya Kwanza, pale kwenye mpaka wa Bukavu, akarudi, akakwaruza mnyororo kwa kucha, wakabishana bei, fedha zikahesabiwa. Kazi ya nusu siku. Hakuna aliyemwomba ruhusa mtu wa tatu. Kama ingekuwa pikipiki ya betri ya kampuni, mjomba angeuza nini? Fremu, taa mbili na magurudumu, pamoja na uhusiano wake na kampuni ambao mnunuzi hajui kama ataruhusiwa kuurithi. Bei ya kitu kama hicho huwekwa na yule mwenye kipande kilichokosekana. Mali ambayo huwezi kuiuza siku ya shida haikusaidii siku ya shida, na siku hizo ndizo tunazonunulia mali.

Nitende haki kwa upande wa pili, maana hoja zao si za kipuuzi. Betri ni mojawapo ya vipande vya bei kubwa kuliko vyote katika chombo, na inachoka: kila ikijazwa na kutumika inapungua kidogo uwezo wake. Kampuni ikiimiliki, hasara ya kuchoka huko ni yake. Kubadilisha huchukua dakika chache, wakati kuchaji huchukua saa kadhaa ambazo motari angekuwa anabeba watu. Na kama bei ya betri ingejumlishwa katika bei ya pikipiki, wengi wasingeweza hata kuanza. Yote ni kweli, na ndiyo sababu mtindo huu umefika mbali. Taiwan kampuni ya Gogoro inabadilishia watu betri tangu 2015, nao wanaonekana kuridhika.

Ila kuna tofauti ambayo wasifuji wa Taiwan huiruka. Taipei mtu hupanda skuta kwenda kazini. Kamembe pikipiki ndiyo kazi. Yule akichukia bei ya betri atapanda treni wiki nzima na mshahara wake utaingia. Huyu akikosa betri siku moja, nyumbani hakupikwi.

Kwa hiyo sisemi vituo vya kubadilishia betri vifungwe. Nasema visiwe mlango wa pekee. Nairobi kampuni ya Roam imeunda pikipiki ambayo betri yake unaweza kuitoa, ukaingia nayo ndani na kuichaji kwenye soketi ya ukutani. Jambo hili dogo linageuza kila kitu, na ili tuone linavyogeuza tufanye hesabu, hata sisi watu wa fasihi.

Chukua betri inayobeba uniti 3 za umeme na kumfikisha motari kilomita 70 hivi. Kuijaza nyumbani, ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, kunataka uniti 3 na kitu. Kwa bei za umeme za Januari 2020, mwenye nyumba aliyetumia zaidi ya uniti 50 kwa mwezi alilipa faranga 249 kwa uniti kabla ya kodi, yaani karibu 294 na kodi yake. Betri nzima isingefika faranga 1,000. Utasema bei hizo ni za zamani. Haya, ziongeze nusu yake, upate 1,450. Pikipiki ya petroli kwa kilomita hizohizo hunywa lita moja na nusu au zaidi kidogo, na mwaka 2025 lita ilipita faranga 1,800. Hiyo ni karibu 2,900. Hata anayelipa bei ya juu ya nyumbani, asiyesamehewa chochote na yeyote, anabakiza nusu. Anayetembea kilomita 140 kwa siku anabakiza zaidi ya faranga 2,800 kila siku ya Mungu. Kutoka hapo atoe fedha ya kuilipia betri yake pole pole, na kinachobaki ni chake.

Swali langu ni nani anayeikalia tofauti hiyo betri isipokuwa ya dereva. Na tusisahau: kituo cha kampuni kimeruhusiwa kununua umeme kwa bei ya kiwanda kikubwa. Motari akitaka kuchaji nyumbani kwake Mururu au Gihundwe anauziwa kwa bei ya jiko na taa. Nafuu iliyopitishwa kwa jina la motari imesimama mlangoni kwa mwenye kituo. Sisemi kuna mtu aliyeipanga kwa nia mbaya. Nasema aliyeandika masharti alimwona mwenye kituo na hakumwona mwenye chumba kimoja na soketi moja.

Kuna wanaosema milima ya Rusizi haifai kwa umeme. Hoja hii huisikia kwa watu ambao hawajafungua daftari la fizikia tangu sekondari, basi nawafungulia. Kamembe na bonde la Bugarama vinatofautiana kimo kwa mita 600 hivi. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo wake, tuseme kilo 300. Kuzipandisha kilo 300 kwa mita 600 kunahitaji nusu uniti ya umeme; weka na kinachopotea njiani, iwe robo tatu kasoro. Katika betri ya uniti 3 hiyo ni kama moja ya tano, juu ya umeme wa safari yenyewe. Ni gharama, lakini haizuii safari; na wakati wa kuteremka mota inaweza kurudisha sehemu ya umeme ndani ya betri, jambo ambalo injini ya petroli haitafanya hata ukiiombea dua. Kwenda na kurudi Bugarama kwa betri moja kutabana. Sehemu moja ya kuchajia kule bondeni inamaliza habari hiyo. Kigali kwa pikipiki, kupitia msitu wa Nyungwe, siizungumzii. Hakuna motari mwenye akili anayebeba abiria kutoka hapa hadi Kigali hata kwa petroli.

Wengine hujibu kwa bwawa. Mto unaotoka ziwa Kivu na kupita chini yetu unazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Ruzizi I. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, megawati 43.8 wanazogawana Rwanda, Burundi na Kongo. Na Ruzizi III inayokusudiwa ni ya megawati 206. Wanasema: umeme unazaliwa kwetu, iweje ukatumiwe kuendeshea pikipiki za Kigali? Ni hoja tamu jukwaani na siipendi. Umeme hauna kijiji. Ukiingia kwenye gridi ni wa nchi nzima, na Karongi nao wakianza kudai gesi yao ya methani, au kila wilaya ikijifungia mto wake, tutarudi kwenye koroboi. Natumia bwawa kwa jambo moja tu: lisitumike tena neno “miundombinu” kama kisingizio. Nyaya zipo. Zimepita juu ya vichwa vyetu tangu babu zetu.

Basi nataka nini? Kwanza, betri moja kwa wote. TVS haimuulizi mwenye kituo petroli yake imetoka wapi. Tundu la tanki ni tundu, bomba ni bomba, na kituo kikipandisha bei unavuka barabara. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyonayo motari wa petroli, na tunakaribia kumnyang'anya bila kujua kwamba alikuwa nayo. Msiniambie haiwezekani. Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, watu wanaoshindana tangu babu zao, walikubaliana betri za aina moja na mwaka 2022 wakaanzisha kampuni ya pamoja ya kuzibadilisha, Gachaco, wakiwa na Eneos, wauza mafuta. Ulaya, tangu Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa lazima zichajiwe kwa tundu la aina moja. Na nchi yetu ilipoamua mwaka 2008 kwamba mifuko ya plastiki basi, ilikuwa basi. Nchi inayoweza kumvua mtu mfuko mpakani inaweza kumwambia mwenye kiwanda cha betri: vipimo ni hivi, ukitaka msamaha wa kodi yetu vifuate, hutaki lipa kodi. Msamaha ule ni fedha ya umma. Fedha ya umma ina haki ya kuweka sharti.

Pili, bei ya kubadilisha betri itangazwe na RURA kama inavyotangazwa bei ya juu ya petroli. Motari wa petroli leo anajua kikomo cha kutozwa. Wa umeme asijue kwa nini?

Tatu, kila mkataba uwe na mstari unaosema betri inauzwa kwa bei gani kwa dereva anayetaka kuinunua, leo, baada ya mwaka, baada ya miaka mitatu. Asiyetaka aendelee kubadilisha. Anayetaka awe na njia ya kutokea. Na useme kama chombo kinaweza kuzimwa kutoka mbali, nani anakizima, kwa kosa gani, na baada ya onyo la siku ngapi. Tumekwisha kuona simu za mkopo zinavyojifunga mkononi mwa mtu siku aliyochelewa kulipa. Simu ikijifunga unakosa maongezi. Pikipiki ikijifunga katikati ya mteremko wa usiku na abiria nyuma, sitaki hata kuendelea na sentensi.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Januari 2022. Motari wa Kigali waliegesha pikipiki zao barabarani wakagoma, na kilichowakera kilikuwa mita za nauli na gharama za bima. Mita nazo zililetwa kama maendeleo, na kwa kweli zilikuwa na faida kwa abiria. Lakini zilikuja na makato kwenye kila safari, na aliyekatwa hakuwa ameulizwa. Watu walisema motari hawapendi teknolojia. Motari haohao hupokea fedha kwa simu. Wanachokataa ni mkono wa mtu ndani ya mfuko wao.

Nimeandika kote juu ya pikipiki, na kuna chombo kingine kinachosahaulika kwa sababu wakubwa hawakipandi. Kule Bugarama, kwenye tambarare ya mpunga, baiskeli ndiyo lori. Inabeba magunia, inabeba saruji, inabeba mama na mtoto. Kigali baiskeli za kukodi za GuraRide zilianza mwaka 2021, na ni jambo zuri kwa mtu wa ofisi anayetaka kunyoosha miguu. Baiskeli yenye mota ndogo na betri ya kubebeka kwa mkono mmoja, kwa mkulima wa mpunga, ingekuwa zaidi ya kunyoosha miguu. Na betri yake ingekuwa ndogo kiasi kwamba hakuna kampuni ingepata sababu ya kuing'ang'ania. Pengine ndiyo maana haina msemaji.

Kwa walimu na wenzangu nina ombi la kazi. Mikataba ya vyombo hivi huandikwa kwa lugha ya wanasheria, na mara nyingi kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, na Kamembe ilikuwa ikikizungumza muda mrefu kabla sheria haijaruhusu. Tuna darasa zima la tafsiri linalotafsiri kila mwaka vifungu vilevile vya magazeti ya zamani. Tuombe nakala tupu ya mkataba kwa kampuni ya kwanza itakayofungua mlango hapa mjini. Tuutafsiri wote, kila kifungu, mpaka tufike pale kwenye neno la betri, na hapo tuamue kwa pamoja kama kitenzi chake ni kununua, kukodi, kuazima au kukopa. Kisha tuubandike stendi, karibu na kibanda cha ushirika, kwa herufi kubwa, kabla mtu wa kwanza hajatia saini.